Nyundo ya Noé

Wiki ileile wakwe walipokuja kumposa mjukuu wangu Débora, mdogo wangu Noé aliacha kutoka nje. Aliamka, akavaa, akachukua nyundo yake, akafika mlangoni na kusimama. Nilimwambia apite. Akashika fremu kwa mikono miwili na kurudi nyuma kama mtu aliyesukumwa kifuani.

"Hapana, Yaya," alisema; ndivyo anavyoniita mimi kaka yake mkubwa.

Noé hana maneno mengi. Alizaliwa na akili ya polepole, na katika kambi yetu ya reli hapa Kamina kila mtu humwita Peti, yaani mdogo, hata watoto, ingawa kichwa chake kina mvi nyingi kuliko changu.

Nyundo ile ni ya kanisa. Kanisa letu halina kengele. Lina kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mparachichi, na tangu ujana wake Noé ndiye anayekipiga. Hajui kusoma saa. Baba yetu, fundi wa njia ya reli, alimfundisha hivi: jua likigusa bati la stesheni, piga. Hata Jumapili tuliyomzika mama alipiga. Kwa ajili ya nyundo ile watu wakimtaja husema "yule wa kengele". Bila nyundo, wangesema neno lingine.

Sasa alikaa ndani, nami nikakaa naye, kwa sababu hawezi kuachwa peke yake na moto. Binti yangu Jeannine huuza vitenge sokoni mpaka jioni. Wazee wawili tukatazamana katika chumba chenye dirisha moja. Gazeti la zamani nililisoma hata matangazo yake. Nje nilisikia pikipiki, wauza mkate, na wenzangu wa reli wakicheza dama kwa jirani.

"Tata Abdias," waliniita, "weye njo mufungwa sasa?"

Nilijibu kwamba nina kazi. Mtu aliyesoma shule ya jioni, akiwa amechoka na mafuta mikononi, mpaka akawa karani wa stesheni, hapendi kusema kwamba amefungwa na mlango ulio wazi.

Kisha Noé akaanza tabia mpya. Alikaa kwenye kigoda akiuelekea mlango, akarusha kijiko kwenye kizingiti, akainamisha kichwa. Nilikiokota. Akarusha tena. Kijiko kilipofichwa, alirusha kifuniko cha sufuria, nikamrudishia kijiko.

"Iko anatuchokoza," Jeannine alisema akivua viatu. "Papa, minyi nimechoka. Mama Tshala, ule jirani wa makala, anasema kuko chumba ya maombi kule Kaniama. Banamuombea, anarudia muzima."

"Wanamfunga kamba kwanza."

"Na hapa je? Hapa iko huru?"

Niliinama kuokota kijiko.

Muuguzi Cathy, anayeimba kwaya kanisani kwetu, alipita kumwona. Alimwinua kidevu, akammulika kwa simu.

"Mtoto wa jicho, macho yote mbili," alisema. "Tata, bantu ba namna yake banazeeka mbio. Miaka hamsini ku mwili wake iko sawa makumi saba. Mumulete hospitali, munganga wa macho amuone."

"Hatoki, mama."

"Sasa hospitali haiwezi kutembea, Tata."

Alisema kweli, lakini ukweli wake haukutufungulia kitu. Jioni ile nilimtazama Noé akila kwa kupapasa sahani. Maisha yangu yote nilijiuliza nani atamlea huyu mtoto nikifa. Kwamba mtoto mwenyewe atazeeka, tena anipite njiani, halikunijia kamwe.

Jumamosi alikuja Mathieu, mzee wa kanisa anayesimamia kiwanja. Alikunywa chai yote kabla ya kusema.

"Tata Abdias, kanisa inalala. Bantu banafika wakati mahubiri iko karibu kuisha. Kesho kama Peti hafike, nyundo tutapatia Jérémy. Ule kijana iko na nguvu."

Noé alisikia. Akaiingiza nyundo ndani ya shati.

"Peti," Mathieu akacheka, "hiyo hapana mutoto, usiinyonyeshe."

Noé naye akacheka, maana hupenda kutaniwa. Lakini Mathieu alipoinua mguu kuvuka kizingiti, Noé alimrukia kwa nyuma na kumshika shati kwa nguvu zote. Kifungo kikakatika, kikaviringika chini ya meza.

"Sasa anapiga bantu," Mathieu alisema nje, akijipangusa. Hakuwa anacheka tena. "Kesho, Tata. Njo mwisho."

Noé alirudi kwenye kigoda. Akarusha kijiko. Safari hii sikukiokota, nilimtazama sikio. Hakuwa anachokoza mtu. Alikuwa anasikiliza kijiko kinavyotua.

Hapo nikakumbuka kisima kikavu nyuma ya karakana, tulipokuwa wadogo. Tulitupa kokoto na kusikiliza, tujue kina chake. Mbuzi wa baba alitumbukia humo, akalia siku nzima, hakuna aliyeweza kumtoa.

Nikakitazama kizingiti. Kwa ajili ya wakwe nilikipaka mwenyewe mafuta machafu ya injini, kama sisi watu wa reli tunavyofanya: chini ya ukuta na ngazi, nyeusi inayong'aa, mchwa asipite, na mgeni aone nyumba ina mwenyewe. Wakwe waliisifu sana. Nikaketi kwenye kigoda cha Noé, nikafumba macho nusu, nikatazama kupitia kope. Uani kulikuwa na mwanga mweupe. Kati yangu na mwanga ule palikuwa na weusi usio na mwisho chini.

"Noé, kuko nini pale?"

"Mbuzi," alisema. "Mbuzi ilikufa."

Nilisugua kwa mchanga na sabuni mpaka magoti yakakataa. Saruji ilikuwa imekunywa mafuta. Nilipaka chokaa, ikabanduka kama ngozi ya nyoka. Mwisho nikafungua sanduku langu, nikatoa shuka nyeupe niliyoiweka kwa ajili ya maziko yangu.

Asubuhi niliitandika juu ya kizingiti. Noé aliigusa kwa kidole cha mguu. Akaweka mguu mmoja, akaniangalia, akaweka wa pili. Akawa nje. Akainua uso juani, akabaki hivyo, mdomo wazi.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe Kamina nzima ina weusi. Mahali Mama Tshala anapomwaga makaa anayouza, alisimama, nikatandika. Penye kivuli cha ukuta, akasimama, nikatandika. Lakini kwenye mfereji uliochimbwa na mvua, shimo la kweli, lenye mchanga mweupe chini yake, alikwenda moja kwa moja, nikamdaka mkono. Watu walisimama njiani. "Tata Abdias anamutandikia Peti kama bibi arusi," mmoja alisema. Niliendelea kuinama na kuinuka. Jua lilikuwa limeshapita bati la stesheni.

Kanisa liko ng'ambo ya reli. Pale kokoto na mataruma ni meusi kwa mafuta ya miaka yote. Nilitandika, Noé akafika kwenye reli ya kwanza. Mbele yake ilibaki giza, na shuka ilikuwa imeishia chini ya miguu yake. Ili niivute mbele, ilibidi kwanza akanyage nje yake.

"Nyanyua mguu, Noé."

"Hapana, Yaya."

Tulikaa hapo. Niliona mparachichi, niliona reli yetu ikining'inia. Kisha Noé akachuchumaa, akagusa chuma kwa kiganja. Akakitambua. Akatoa nyundo ndani ya shati na kukipiga.

Reli iliyolala hailii kama iliyoning'inia. Sauti ilikuwa nzito, fupi. Hata hivyo watu walitoka kanisani, na Mathieu akaja mpaka ukingo wa pili wa njia, shati lake bila kifungo.

"Tata Abdias, hiyo reli hapana ya kanisa."

"Ni reli."

Alitazama shuka. Mtu wa umri wake huijua shuka ya namna ile.

"Na siku weye utakufa, nani atamutandikia?"

"Siku hiyo nitakuwa nimeivaa," nilisema.

Hakunyoosha mkono kuichukua nyundo. Wala hakumwachia. "Tutaongea ku komite," alisema, akarudi. Punde reli ya kanisa ikalia: Jérémy aliipiga kwa boliti. Noé alisikiliza mpaka mlio ukaisha, kisha akapiga chuma chake mara moja, akasimama.

Kurudi nyumbani kulikuwa kazi ileile kinyumenyume. Niliitandika shuka kizingitini, sasa ikiwa na alama za makaa, akaingia. Aliketi kwenye kigoda, nyundo mapajani, akiuelekea mlango. Akachukua kijiko, akakirusha.

Kikaangukia shuka, hakikutoa sauti. Noé aliinamisha kichwa, akangoja kisikike kinafika chini. Nami nilisimama nyuma yake, nikingoja.