Hapa Hatugombani

Mshonaji alipaza sauti hata akiomba chumvi. Haukuwa ukali. Chumba chake kilipakana na karakana ya mbao, ukuta kwa ukuta, na msumeno wa umeme ulianza kulia kabla chai haijachemka. Vumbi la mbao lilipita chini ya mlango, likatua kwenye sare za shule alizozishona, kwenye sukari, na kwenye kifua cha mjukuu wake, yule waliyemwita Kidoti. Mtoto alipoanza kuhema kama mtu aliyepanda mlima, mama yake alimbeba mgongoni akarudi kwa wazazi wake. Alimwambia mama mkwe, kwa adabu zote, kwamba hawana ugomvi wao wawili, ila mtoto harudi mpaka msumeno unyamaze.

Ndipo mshonaji akaenda mahakamani. Majirani walimcheka, eti anashtaki vumbi.

Siku ya ushahidi hakimu alimuuliza anakaa wapi. Akajibu. Karani akaangusha kalamu.

"Mama," hakimu akasema taratibu, "hapa hatugombani."

Aliomba radhi kwa sauti ileile, watu wakacheka. Wakili wa karakana akadakia kwamba huyu mama ana kelele kuliko huo msumeno anaousingizia. Mshonaji hakuumia. Moyo ulishakufa ganzi tangu alipokunja kigodoro cha mtoto akakisukuma juu ya kabati.

Hakimu aliamua aende akakione chumba mwenyewe. Walisimama chumbani, yeye, wakili na mwenye karakana, msumeno ukawashwa kama siku zote. Hakimu aliuliza mtoto alikuwa akilala wapi. Mshonaji akaonyesha ukutani. Hakimu akamgeukia wakili na swali jingine, wakili hakusikia. Akarudia, akarudia tena, mishipa ya shingo ikamtoka.

"Mheshimiwa," mshonaji akasema, "hapa hatugombani."

Hakutania. Alitaka kumtoa wasiwasi tu, kama alivyotolewa yeye.

Amri ikatoka: karakana iondoke kwenye makazi ya watu. Ikaondoka. Mshonaji alipangusa vumbi, akapiga deki, akakaa kusubiri furaha. Haikuja. Kilichokuja ni mlio wa cherehani yake. Miaka yote hiyo hakujua kwamba pedali inalia kwi, kwi.

Jumapili mkwe akamleta Kidoti. Alikuwa amenenepa, kifua kimetulia. Mshonaji akafungua mikono.

"Njoo kwa bibi."

Sauti ikatoka ileile ya kushindana na msumeno. Mtoto akakimbilia nyuma ya sketi ya mama yake, akaangua kilio.

"Hakugombezi, mwanangu," mkwe akambembeleza. "Bibi ndivyo anavyoongea."

Mshonaji akafumba mdomo. Alishusha kigodoro, akakikung'uta ingawa hakikuwa na kitu, akakitandika palepale ukutani. Akakaa sakafuni, akawa anapigapiga nafasi ya kando yake kwa kiganja, polepole, bila neno. Kidoti alinyamaza. Akawa anachungulia kwa jicho moja kutoka kwenye sketi, na hakusogea.