Posa ya Jina la Eddah

Mimi si mtu wa kusifu ovyo. Niulize habari za mafundi cherehani wa Changamwe, nitakutajia kasoro zao mmoja mmoja mpaka uombe maji. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Bi Ummulkheir wa Kisauni ni mwanamke wa shoka, na nayasema haya mimi Mramba, niliyemuuzia kitu ambacho sikutaka kukiuza.

Kitu chenyewe ni jina. Marehemu mke wangu, Eddah, ndiye aliyeanzisha sare za shule pale Changamwe, katika chumba chetu cha mbele, mimi nikikata vitambaa na yeye akishona. Ndani ya ukosi wa kila shati alitia kipande kidogo cheupe kilichotariziwa jina lake. Ikafika mahali akina mama hawasemi tena kwamba wanataka shati la shule. Wanasema, "Nipe Eddah mbili, za gredi ya tatu." Alipofariki, hatukuwa na mtoto wa kuendeleza kazi, na vidole vyangu vilikuwa vimeanza kukakamaa. Duka liliendelea kwa nguvu ya jina hilo tu. Kila nilipolisikia likiitwa dirishani nilihisi Eddah yumo humo ndani, anatafuta mkasi.

Bi Ummulkheir alianza kwa madera, na cherehani moja, katika nyumba ya kupanga. Madera yalipomletea riziki hakujenga ghorofa wala hakununua gari la kujionyesha. Alivuka akaenda Likoni, akanunua jina la Mzee Mahfudh, zile kanzu ambazo kila bwana harusi wa huko huzitaka. Watu wengine wakinunua duka hubandua kibao siku hiyo hiyo ili wajulikane wao. Yeye alikiacha kibao, akawaacha mafundi na cherehani zao, akaleta kitambaa bora na gari la kusambaza. Mwaka haukuisha, kanzu za Mahfudh zikawa zinaagizwa mpaka Lamu. Kampuni yake inaitwa Sitiri, na sijui mwingine huku pwani aliyekua kwa kuwakuza wenzake namna hiyo.

Alipotuma watu kwangu mara ya kwanza niliwafukuza. Walipokuja mara ya pili na bahasha yao, niliwaambia kwa kejeli kwamba kwetu Ugiriamani binti haposwi kwa bahasha. Posa hutanguliwa na kadzama, kibuyu cha tembo la mnazi, wazee wakanywa, ndipo masikio yakafunguka. Nilijua fika kwamba mwanamke wa Kiislamu, tena binti wa mwalimu wa madrasa, hawezi kubeba tembo. Nikalala nikijipongeza kwamba nimeyamaliza.

Jumamosi yake alifika mwenyewe mlangoni, na wanawake wawili wa makamo nyuma yake, na kibuyu mkononi.

"Shikamoo, Mzee Mramba."

"Marahaba. Na hicho ni nini?"

"Kadzama. Si mumesema hakuna posa bila kadzama? Nimekuya nayo. Tembo siwezi, Mola ataniuliza. Nimekijaza madafu. Mukiyakataa nitayanywa mwenyewe, nirudi zangu Kisauni."

Nilicheka. Tangu kumzika mke wangu sikuwa nimecheka vile. Nikawakaribisha ndani, tukanywa madafu yale kwa zamu, na wale wanawake wakaniuliza habari za Eddah mpaka jua likageuka. Hakuna aliyetaja bei.

Kabla hajaondoka aliniuliza, "Kwenu, mke akileta matatizo, mume hufanyaje?"

"Hamfukuzi hivi hivi," nikamwambia. "Mliokunywa kadzama pamoja ni wakwe. Humrudia baba mkwe kwanza, mkakaa, mkasema."

"Basi na mimi nitafanya hivyo, inshallah."

Mkataba wa wakili haukuwa na neno hilo hata moja. Uliandika kwamba jina ni mali ya Sitiri, na Sitiri italifanyia itakavyo. Niliutia sahihi nikijua hivyo, kwa sababu peke yangu ningelifunga duka na jina likafa siku moja nami. Duka likabaki pale pale, na mimi dirishani.

Sasa, Bi Ummulkheir ana desturi ambayo sijaisikia kwa tajiri mwingine. Kila baada ya miezi mitatu, hesabu za kampuni zikishafungwa, hazisomi chumbani na wanahisa peke yao. Huzisomea ukumbini Kisauni, cherehani zimezimwa, mafundi wote wamekaa, kahawa ya tangawizi na kaimati zinapita. Husema kwamba anayeshona nguo ana haki ya kujua nguo yake imekwenda wapi. Mafundi wanayajua mauzo na faida kama wanavyojua uzi na sindano, na akisoma hesabu ya juu juu humuuliza maswali.

Robo moja nami niliitwa. Nilivaa koti langu la kanisani, nikakaa benchi la mbele, na roho haikutulia. Nilikuwa nimesikia tetesi.

Alianza na habari njema. Mauzo ya kampuni nzima yamepanda karibu thuluthi moja kuliko robo kama hii mwaka jana. Madera yamekwenda vizuri kwa sababu ya Idi. Kanzu za Mahfudh ndizo zilizobeba kampuni, na deni lililochukuliwa kulinunua jina lile limekwisha kulipwa. Mafundi wa Likoni walipiga makofi, na mmoja akapiga kigelegele. Mimi pia nilipiga makofi, kwa kuwa kazi nzuri naijua nikiiona. Kuyalea majina ya watu na yakanawiri ni ufundi, na yeye anao.

Kisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Sare za Eddah zimeshuka," akasema. "Ni robo ya pili mfululizo. Tumepata hasara, na sitaki kuifunika."

Sababu aliieleza mwenyewe bila kumlaumu mtu. Shati la Eddah, kwa kitambaa chake kizito na mishono miwili, halichakai. Kaka hulivaa, humwachia mdogo wake, mdogo wake humwachia mtoto wa jirani. Wahenga walisema chema chajiuza. Hawakusema kwamba kikizidi kuwa chema hujiuza mara moja tu.

Akasimama Najib, kijana wa Nyali aliyetia pesa zake wakati Sitiri ilipolinunua jina letu. Nilitaka kumchukia mapema, lakini hakunipa nafasi.

"Bi Ummulkheir, na wewe Mzee Mramba, niwieni radhi," alisema. "Mimi mwenyewe nilisoma ndani ya sare hizi. Lakini hesabu haina haya. Njia naziona mbili. Ama tutie kitambaa chepesi na mshono mmoja, shati likae mwaka mmoja, watu warudi kununua, na jina libaki. Ama kitambaa kibaki vile vile, lakini jina la Eddah litoke, duka la Changamwe lifungwe, sare zishonewe hapa na ziitwe Sitiri. Tutaokoa gharama nyingi. Yote mawili pamoja, jina na kitambaa, hatuyawezi."

Nilitamani kumwagia kahawa, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakukosea. Niliziona zile hesabu ubaoni kama alivyoziona yeye. Nikaangalia mikono yangu, nikajiambia leo ndiyo siku ya kumzika mke wangu mara ya pili.

Wanahisa wengine walitaka kura ipigwe pale pale. Bi Ummulkheir akainua mkono.

"Kura haipigwi kabla baba mkwe hajaulizwa."

Najib akafunua makaratasi yake. "Bi, kwenye mkataba hamna baba mkwe."

"Kwenye mkataba hamna. Jina hili mimi sikulinunua tu, nililiposa, na nilinywa nao. Kwao mke hatolewi nyumbani mpaka baba mkwe arudiwe."

Akashuka jukwaani, mwanamke mwenye kampuni ya majina matatu, akaja akakaa kigoda cha chini mbele ya benchi langu.

"Mkwe wangu," akasema, "binti yenu hajanikosea adabu hata siku moja. Lakini nyumba yashindwa kumuweka, na mumesikia wenyewe. Munasemaje?"

Nilikuwa na jibu tayari tangu nyumbani. Nilitaka kusema, libakizeni jina, kitambaa tieni mtakacho. Ningelisikia bado likiitwa dirishani, na hilo ndilo nililokuwa nalihitaji. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni. Kisha nikamwona mtoto amesimama gwaride, shati limemrarukia mgongoni, wenzake wanacheka, na mama yake jioni anaugeuza ukosi asome ni nani aliyemfanyia vile.

"Litoeni jina," nikasema.

Nikaendelea, ili wote wasikie.

"Shati likimrarukia mtoto shuleni, mama yake hatamtukana Najib. Atamtukana Eddah. Heri asahauliwe kuliko atukanwe."

Nililia, mzee mzima, mbele ya mafundi. Fundi aliyekuwa karibu nami alinipa kipande cha kitambaa cha dera nikafutia uso. Sikuona haya. Nilikuwa nimempenda mke wangu na sasa nilikuwa nimemruhusu aondoke.

Bi Ummulkheir akainuka akarudi mbele.

"Taarifa hatujaimaliza," akasema. "Kuna karakana kule upande wa Airport. Yashona ovaroli za watu wa maghala na wapakiaji wa malori. Mwenyewe amechoka, ataka kuuza. Wateja anao wengi, makampuni makubwa, lakini wote walalamika. Zapasuka magotini, zapasuka mabegani. Nimeongea naye miezi miwili. Ana wateja na hana jina. Sisi tuna jina na wateja wametukauka."

Najib alikuwa ameshaanza kuandika.

"Mtoto hukua akaiacha nguo haijachakaa," akaendelea. "Mtu mzima hakui. Nguo huivaa kila siku mpaka imuishie mwilini, na anayemnunulia ni mwajiri anayehesabu kila mwezi. Kwa mtu huyo mishono miwili si hasara. Tutaichukua karakana ile, ovaroli zitashonwa kwa kitambaa kizito na mishono ya Eddah, na jina litakuwa la Eddah. Duka la Changamwe litafungwa, na sare za shule zitashonewa humo humo karakanani, kidogo kidogo, vile vile zilivyo. Gawio langu la robo hii silichukui, litaingia huko."

Kisha akanigeukia. "Sikuwa nawajaribu, mkwe. Mungesema tutie kitambaa chepesi, jina lingekuwa halina tena thamani ya kupeleka kokote. Ningeliacha kura ilimalize."

Najib aliuliza maswali matatu makali: bei ya karakana, hali ya mashine, na kama wale wateja wamefungwa kwa maandishi. Alijibiwa yote. Akakaa, akapiga hesabu zake, na kura ilipoitishwa mkono wake ulikuwa wa kwanza kuinuka. Nilikwenda nikamshika mkono. Nilimwambia kwamba ana kichwa kizuri, na kwamba koti lake limeshonwa vibaya kwapani.

Robo iliyofuata sikwenda Kisauni. Nilipigiwa simu kuambiwa kwamba Eddah imetoka kwenye hasara na makampuni mengine yanaulizia. Nilishukuru, nikafurahi, lakini nilizipokea kama habari za mtu aliyesafiri. Dirisha letu la Changamwe lilikuwa limefungwa, na hakuna aliyekuja kuliita lile jina.

Asubuhi moja nilikuwa na shughuli karibu na Airport, nikaingia kwenye kibanda cha chai mbele ya maghala. Benchi la mbele yangu alikaa mwanamke, amenipa mgongo, amevaa ovaroli ya buluu yenye vumbi la saruji. Kwa joto lile alikuwa ameugeuza ukosi nje. Nikasogea, kwa kuwa macho yangu si ya zamani. Nikasogea tena.

Akageuka. Alikuwa wa kutoka bara, kwa lafudhi yake, na kitambulisho kifuani kiliandikwa Judy.

"Mzee, uko sawa? Mbona unanichungulia shingo?"

"Niwie radhi, binti yangu. Nasoma jina la mke wangu."

Akauvuta ukosi mbele, akajitahidi kuutazama, akashindwa, akaushika kwa vidole tu.

"Eddah ni mtu? Sisi tulidhani ni kampuni."

"Ni mtu."

Alinitazama vizuri sasa, kisha akaweka kikombe chini.

"Basi mwambie asante. Wiki jana niliteleza juu ya lori, ndoano ikanishika hapa mgongoni. Ile ya zamani ingepasuka nianguke kichwa chini kwenye lami. Hii ilinishikilia hadi wakanishusha. Utamwambia?"

Nikamjibu kwamba nitamwambia.