Swali Lililoingia Bila Hodi

Nilikuwa nikichunguza jinsi wanawake wa mji huu wa Gualaceo, ambao waume zao wamehamia ng'ambo, wanavyolinda faragha yao kwenye mitandao ya simu. Mara kadhaa kwa siku programu yangu iliwatumia swali, nao wakajibu kwa maneno machache. Mwisho wa juma tulikaa tukazungumza.

Zoila Guartatanga, muuza nguruwe wa kuoka sokoni, alijibu kuliko wote. Mumewe, Abdón, alikuwa New York mwaka wa saba.

"Akiniona niko hewani na sijamjibu, dada, moto unawaka," aliniambia. "Basi namtumia picha ya kibanda niliyopiga asubuhi, kisha nashuka mtoni."

"Mtoni unafanya nini?"

"Sifanyi kitu! Ndiyo raha yenyewe."

Jumapili ya pili Zoila na wanawe walikuwa mezani kwa mama mkwe wake, Doña Targelia. Simu ya Zoila ilikuwa imeegemezwa kwenye bakuli la mahindi ya kuchemsha, Abdón akiongea na wanawe huku wakionana. Swali langu likatokea kwenye kioo cha simu, juu ya uso wa Abdón: *Leo umemficha nani ulipokuwa?* Doña Targelia, ambaye husoma polepole na kwa sauti, akalisoma lote. Abdón akasikia.

Jumatatu nilimkuta Zoila akikata nyama. Hakuinua macho.

"Simu anakaa nayo mama mkwe. Nikiitaka, naongea mbele yake."

"Zoila, nisamehe. Sikufikiria..."

"Ulinisainisha karatasi kwamba jina langu halitajulikana."

"Na halitajulikana."

"Na nani? Wageni? Wageni wanijue wasinijue, yananihusu nini? Mimi nilikuwa najificha kwa wanaonijua."

"Mto je, umemweleza Abdón?"

"Nimemweleza. Anasema hakuna mwanamke anayekaa mtoni bure."

"Niende nikazungumze na Doña Targelia?"

"Ukatie chumvi kwenye kidonda? Umeuliza vya kutosha."

Profesa wangu kule Cuenca alinisihi nifute jina tu, kwani maneno ya Zoila yalikuwa dhahabu. Nilifuta yote. Maswali ya wale kumi na mmoja waliobaki nikayasimamisha, yasije tena mpaka mtu ayafungue mwenyewe. Hayo hayakumrudishia Zoila simu yake, na usingizi wangu ulijua hivyo.

Alhamisi nilipita tena sokoni. Alimhudumia kwanza mzee aliyekuja nyuma yangu, kisha akanigeukia, kisu mkononi.

"Nikukatie kiasi gani, bibie?"

Nikataja nusu kilo. Akapima, akafunga, akamwita anayefuata.