Mbili kwa Tano

Mchana, kisiwa kizima kinapolala, pampu ya mkono nyuma ya ofisi ya halmashauri ilianza kulia. Nei Batiua, karani mkuu, aliisikia akiwa mezani, na alijua hakuna mtu kule. Ten Uriam, mpiga pampu, walikuwa wamemzika kabla ya Pasaka.

Balaa hilo Batiua alijitakia mwenyewe. Alikwenda makao makuu, Tarawa, kwenye semina ya kupima utendaji wa watumishi, akarudi kavimba kichwa. Uriam, mvivu wa kupigiwa mfano, alimfuata nyumbani, akaketi mkekani na kumwomba alama nne kati ya tano. Kwetu ombi la namna hiyo, bubuti, halikataliwi. Hata ukiombwa mtumbwi unautoa huku roho inakuuma. Batiua alikataa.

"Ofisini hakuna bubuti, kaka. Ile ni kazi ya serikali."

Akampa mbili, tena akazisoma mbele ya wenzake.

Aibu ilimgeuza Uriam. Aliacha usingizi wa mchana, akapiga pampu mpaka tangi la zahanati na shule likafurika, mpaka moyo ukasimama mkono ungali kwenye mpini. Na tangi likaendelea kujaa.

"Usiajiri mwingine," mwenyekiti wa halmashauri alimwambia Batiua bila kumtazama usoni. "Na ile mbili usiiguse."

"Mzee, unajua nani anapiga ile pampu?"

"Ninachojua maji yapo. Mvua yenyewe imetukimbia."

Basi akaja Nei Teretia, mjane wa Uriam, na babai, magimbi ya kwetu, ya kuchemsha ndani ya kikapu. Aliikalia sakafu ya ofisi kama yuko kwao.

"Dada, mume wangu anarudi kila jioni. Hali, hasemi. Ananionyesha viganja tu, vimechubuka. Bubuti yangu kwako: mpe tano apumzike."

Batiua alifungua daftari la alama. Maji yakikatika, ataulizwa yeye. Lakini kukataa mara ya pili hakuweza. Akafuta mbili, akaandika tano, akatia sahihi.

"Nitamwambiaje sasa?" aliuliza.

"Ameshaona," Teretia alijibu, akitazama nyuma ya kiti cha Batiua. Batiua hakugeuka.

Kesho yake pampu ilinyamaza, na Batiua akalia kwa nafuu aliyoipata. Tangi likashuka, zahanati ikalalamika. Ilipofika zamu yake kupimwa, mwenyekiti alimpa mbili, akazisoma mbele ya wote, kama Batiua alivyomfundisha.

Siku hiyo alijinyoosha mkekani alale mchana kama watu wengine. Alipozinduka alikuwa amesimama juani, ameshika mpini, na pale palipolika kwa vidole vya Uriam pamemkaa sawasawa. Alitaka kuuachia, vidole vikagoma. Maji yalikuwa yanafurika, yanamwagika mchangani, na mikono yake bado inapanda na kushuka.

Dirishani wafanyakazi wenzake walisimama wakimtazama, wamejaa huruma. Batiua alifungua kinywa amsihi mmoja wao aende kwa mwenyekiti kumwombea tano. Lakini alishaziona nyuso zao. Hakuna ambaye angethubutu, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba ofisini hakuna bubuti.