Sauti Kabla ya Manyoya

Mwongozaji alikuwa na donge rohoni. Filamu yake iliyopita, ya mtu anayegeuka mbwamwitu, watu waliicheka ukumbini, tena palepale alipotaka wapige mayowe. Manyoya yalibandikwa mpaka ndani ya masikio, meno kama ya kitana, mbwamwitu akanguruma dakika nne nzima bila kupumzika. Mtu mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Jamani, mpeni mfupa!" Basi ukumbi mzima ukavunjika mbavu.

"Safari hii nataka mngurumo wa kutoa watu roho," alimwambia Mama Vishindo.

Mama Vishindo ndiye aliyevipa sauti vitu vyote katika filamu zake: mvua, kofi, mlango, hata busu. Chumba chake cha kazi kilijaa viatu vya kila saizi, vitasa vilivyong'olewa na karoti tele, maana karoti ikivunjwa karibu na maiki, mfupa huo. Na mdomo alikuwa nao.

"Mngurumo peleka kwenu," akasema. "Mnyama ukimwona unatimua mbio, yamekwisha. Watu wanamwogopa yule anayerudi nyumbani akiwa bado mtu, nawe hujui leo ataingia nani. Nipe giza tupu kwenye skrini, dakika moja, mtu yuko nje ya mlango. Usinionyeshe hata unywele."

"Dakika nzima bila kitu? Si watalala!"

"Thubutu!"

Alijua anachosema. Miaka tisa alijilaza akisikiliza mlango. Marehemu mumewe mchana alikuwa mtu wa watu, anataniana na majirani, anambeba mtoto mabegani. Kuna siku akirudi jioni, alimpiga mkewe. Katika yote hayo Mama Vishindo alijipa moyo kwa jambo moja tu: binti yao, chumba cha pili, hakuwahi kujua. Alikuwa analala fofofo yule mtoto. Mama alilitunza hilo kama mboni ya jicho, na mume alipokufa akamzika pamoja na siri yake, ili binti abaki na baba mzuri wa kumkumbuka.

Siku ya kurekodi, binti, sasa mwanamke mzima, mwalimu wa chekechea, alipita kumchukua mama yake waende sokoni. Akaambiwa akae pembeni kimya. Mama hakuona tatizo. Mtu aliyekuwa usingizini atatambua nini?

Mama Vishindo akavaa viatu vya kiume, akafumba macho. Hatua. Hatua nyingine, mguu wa kushoto ukiburuzwa kidogo. Kusimama. Pumzi ndefu ya puani, ya mtu anayejibembeleza asifanye kitu. Funguo zikagonga chuma, zikakosa tundu, zikalitafuta tena. Halafu kitasa kikashuka taratibu.

Mwongozaji alivua hedifoni, vinyweleo vimemsimama. "We mama!"

"Umeruka kitu," binti akamwambia mama yake.

"Nimeruka nini?"

Binti alivua viatu vyake, akavaa ndara za kwenye rafu, akaisogeza maiki karibu na miguu. "Funguo zikianza tu," akamwambia mwongozaji, "na hizi zinaanza." Akatembea. Hatua sita nyepesi, za haraka, za mtu asiyetaka kusikika. Akainamia kitasa kimojawapo, akazungusha ufunguo mara moja, akauchomoa.

Mama Vishindo akakaa chini, juu ya viatu. Hatua zile zilikuwa zake mwenyewe. Kila alipomsikia mume nje, alikimbia kumfungia mtoto chumbani, kisha akarudi kuketi kitandani, ufunguo ameuficha kwenye sidiria.

"Nilidhani umelala," akasema.

"Ningelalaje, mama? Nilikuwa nakuhesabia hatua. Sita kuja, sita kurudi. Nisiposikia za kurudi, najua amekukuta njiani."

Mwongozaji alitazama sakafu. Alitamani awe popote pale isipokuwa humo.

"Lakini asubuhi," mama akasema, "asubuhi ulikuwa unamrukia shingoni. Unambusu, unacheka naye. Mimi nikasema, mtoto hajui kitu, Mungu mkubwa."

"Nilikuwa na miaka sita," binti akasema. "Nilidhani nikimpenda sana asubuhi, jioni atarudi hivyohivyo."