Tope la Kola ya Mzee wa Kanisa

Jumatatu ilikuwa siku ya majoho. Dobi aliyaloweka asubuhi, ya kwaya kwenye beseni kubwa, ya wazee wa kanisa kwenye ndoo, na la shemeji yake peke yake, maana lilikuwa na kola isiyotakata. Alilisugua kwa brashi, kwa sabuni ya kipande, hata kwa chumvi. Kola ilitoa tope jeusi la kujaa kijiko, na Jumatatu iliyofuata lilikuwepo tena.

Alijua lilikotoka. Mumewe alipofariki, shemeji huyu, kaka mkubwa wa marehemu, alisimama mbele ya ukoo akaapa kwamba marehemu amemwachia yeye nyumba, kwa mdomo, wakiwa wawili tu chumbani. Mtu mzima, na Biblia mkononi! Dobi akatoka na pasi, beseni na nguo za mwilini, akapewa chumba nyuma ya kanisa. Mchungaji alimtaka asamehe. Akasamehe, wakapeana mikono, wakapigwa hata picha. Tangu siku ile alimwomba Mungu kitu kimoja tu: shemeji aseme ukweli kwa kinywa chake, watu wote wakisikia. Aliomba miaka saba. Kimya.

Mwaka wa saba akaacha kulimwaga lile tope. Alilikusanya kwenye kopo la maziwa ya unga. Kopo lilipojaa, tope likagandamana, na Jumatatu moja likatoka likiwa mtu wa urefu wa chupa ya soda, mwenye kitambi na pengo kama la shemeji. Dobi alimfuta maji yaliyokuwa yakimchuruzika, akamweka kwenye rafu, karibu na wanga wa nguo.

"Umeomba weee, mpaka magoti yameota sugu," alisema mtu wa tope. "Mimi nitamsemesha Jumapili hii hii. Ila huko unakopigia magoti, acha. Pigia hapa."

"Na Mungu nimwambieje?"

"Kwani lazima umwambie?"

Dobi alipiga pasi majoho manne akiwaza. Alilelewa kanisani tangu anatambaa, kwa hiyo jambo lile alijua linaitwaje. Alijua pia kwamba shemeji analala kwenye kitanda cha dobi mwenyewe, chini ya dari aliyoichagua mwenyewe. Akasimamisha pasi, akapiga magoti mbele ya rafu, na wala hakujilazimisha. Ilikuwa tamu. Mpaka Jumamosi alikuwa anapiga mara tatu kwa siku.

Jumapili alimbeba kwenye kikapu. Akina mama wa benchi la tatu wakajisogeza kumpa nafasi, na mmoja akauliza kama mgeni ameshakunywa chai. Shemeji alikuwa anapita na joho lake, akasimama.

"Shemeji, huyo nani?"

"Ni wewe."

"Mbona mfupi hivyo?" akasema, akaenda zake mbele.

Wakati wa matangazo alifungua daftari, akaanza kusoma yasiyoandikwa. "Nyumba ya mdogo wangu si yangu. Hakuniachia kitu. Siku ile alikuwa hawezi hata kuongea. Niliitaka kwa sababu ina madirisha makubwa." Aliyasema yote kwa sauti ileile ya kutangaza mazoezi ya kwaya, pamoja na jinsi alivyocheka usiku wa kiapo. Dobi alijisogeza ukingoni mwa benchi kwa furaha. Alingoja watu wamrarue.

Kanisa zima likasimama. Vigelegele! Mchungaji alimfuata akamkumbatia, machozi yanamtoka. "Ni wangapi humu wenye ujasiri kama huu?" Kwaya ikaanzisha wimbo wa shukrani, na kabla ubeti wa tatu haujaisha shemeji alikuwa ameshachaguliwa mwenyekiti wa wazee.

Dobi akasimama. "Na nyumba?"

"Mama, leo ni siku ya furaha," alisema Mchungaji. "Na wewe una lolote la kutubu?"

Hapo angefunga mdomo wake. Lakini ilimuuma kuona yule mwongo anasifiwa bure, kana kwamba dhamiri ndiyo imemsukuma. Akamwinua mtu wa tope juu ya vichwa vya watu. "Huyu ndiye kamsemesha! Nimempigia magoti wiki nzima!"

Mtu wa tope hakumsumbua yeyote, lakini magoti? Benchi la tatu likajisogeza upande wa pili. Wazee walikaa kikao palepale, dakika kumi: asishiriki meza ya Bwana mwaka mzima, na akae nyuma, mlangoni. Mwenyekiti mpya ndiye aliyeisoma hukumu, polepole, kwa huruma. Akakohoa. "Tufumbe macho, tumwombee shemeji yangu," akasema.

Wakafumba. Huko mlangoni, dobi alikohamishiwa, mtu wa tope alitoa kichwa kikapuni.

"Nilisema atasema. Hakusema?"

"Amesema."

"Sasa unataka nini?"

Dobi alimnong'oneza, akianza na nyumba. Mtu wa tope alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia hilo ni zito, litataka magoti ya miaka. Dobi akajibu kwamba miaka anayo. Akakiweka kikapu sakafuni, akapiga magoti mbele yake, na mhudumu wa mlangoni, alipomwona vile, akamletea mto.