Waipa ya Kushoto

Kwa fundi aliyezoea kujigamba kwamba bonde zima halina gari la kumshinda, waipa ni kazi ya kudharau. Nati mbili, spana moja, dakika kumi, nenda kanywe chai. Lakini Mfaniseni Dladla alikuwa ameing'oa waipa ya kushoto ya lile gari jeupe mara mbili tangu asubuhi, na sasa alikuwa anaing'oa mara ya tatu. Midomo yake ilikuwa imekauka ingawa manyunyu yalikuwa yanamlowesha mgongo.

"Shemeji, umelala juu ya boneti?" MaNgubane alimpigia kelele kutoka kibarazani. "Yule mnunuzi wa Vereeniging amesema saa tisa yuko hapa."

"Namalizia."

"Unamalizia tangu nilipokorogea watoto uji. Na wewe ndiye fundi wa kututambia!"

MaNgubane alikuwa mjane wa mdogo wake. Bado alikuwa amevaa nguo nyeusi, na ilibaki miezi minne kabla ya kuivua. Gari lilikuwa la marehemu, Muziwandile, ambaye wote walimwita Muzi. Mwezi wa pili, mvua ilipofurisha mto Thukela, Muzi alisimama kwenye daraja la chini, akashuka kutazama kina cha maji, na maji yakamzoa. Siku ya pili walimpata kwenye miiba, mbali huko chini. Gari lenyewe lilikutwa limesimama palepale, waipa zikiwa zimepangusa kioo hadi betri ikaisha.

Tangu msiba ule gari lilitumika safari moja tu, kisha likaachwa uani. Majira ya baridi yalipita makavu. Sasa mvua za Oktoba zimeanza, mnunuzi amepatikana, na Mfaniseni alitakiwa kulirekebisha tu lichukuliwe.

Alifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Alibandika utepe wa karatasi chini ya kioo kuweka alama ya mahali waipa zinapolala. Aliwasha, akazima, akaiacha mota irudi mwanzo. Kisha akafungua nati, akautoa mkono wa waipa, akausafisha kwa brashi ya waya, akaulaza juu ya utepe na kukaza. Waipa ya kulia, ya upande wa dereva, ilitii mara moja. Ya kushoto ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, na alipozima ikasimama katikati ya kioo, mbele ya kiti cha abiria ambacho hakikuwa na mtu. Ilisimama pale ambapo mtu aliyekaa angeweka macho yake.

Mara ya kwanza alisema nati haikukaza. Mara ya pili alisema meno yamelika, akayachunguza kwa kidole na kwa tochi, akakuta ni mazima kama ya gari jipya. Alifungua kifuniko akapima mota, akatikisa fito za chini zinazoendesha waipa, akabadilisha bushi iliyokuwa haina kosa lolote. Mara ya tatu aliacha kutafuta sababu. Aliung'oa mkono wa waipa kabisa, akauweka juu ya paa la gari, akachomoa funguo na kuzitia mfukoni. Milango yote minne ilikuwa imefungwa.

Manyunyu yalikuwa yanateremka taratibu. Kwa ndani, kioo cha mbele kilikuwa kimeingia ukungu, lakini upande wa kushoto peke yake. Upande wa dereva ulikuwa mkavu. Mfaniseni aliinama, akaweka viganja kando ya macho yake ili aone vizuri.

Ukungu ulikuwa unapanguswa.

Duara dogo lilijitokeza, likapanuka, likazunguka mara tatu, kisha likavutwa chini na kuacha mkia. Mfaniseni aliujua mkia ule. Tangu walipokuwa wavulana kwenye lori la baba yao, Muzi alikuwa anapangusa kioo kwa ngumi, mizunguko mitatu na kuvuta chini, na mama yao akimkemea kwamba anakichafua zaidi. Spana aliyoibana kwapani ilimtoka Mfaniseni ikagonga jiwe. Aliogopa, tena aliogopa vibaya, lakini kibaya zaidi ya woga ni kwamba alijua sababu.

Yeye ndiye aliyekwenda kumchukua mdogo wake darajani. Mtu akifa njiani, roho yake haiachwi huko. Kaka huenda na tawi la mkunazi, humwita marehemu kwa jina, na tawi hilo hupewa kiti chake kwenye gari kama mtu mwingine yeyote. Njiani aliyemfuata hasemi na mtu. Husema na marehemu tu: sasa tunavuka mto, sasa tunapinda, sasa tunapanda. Neno lolote litakalomtoka ni la marehemu, na marehemu hulishika, maana hana jingine la kumwongoza. Mfaniseni alilijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Siku ile waliliweka tawi kiti cha mbele kushoto cha gari hili hili la Muzi, yeye akakaa nyuma ameliwekea mkono. Alisema yote vizuri, daraja hadi daraja. Walipofika getini, jirani aliyekuwa anaendesha alishuka kufungua, na hapohapo simu ikalia. Alikuwa ni mteja, amekaa ndani ya pikapu lake nje ya karakana, na amechoka kungoja. Mkono wa fundi ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda mara elfu. Kabla hajafikiri, Mfaniseni alikuwa amekwisha sema: "Kaa humo humo ndani ya gari. Usishuke. Nakuja."

Ndipo akalitazama tawi.

Alilibeba hata hivyo. Aliliingiza nyumba ya mviringo, akalilaza kule nyuma kwenye nafasi ya wazee waliotangulia, akafukiza, akasema tumefika. Watu walikula, wakanywa pombe ya mtama, wakampongeza. Ilikuwa aibu kubwa mno kuisema mbele ya ukoo, na kila siku iliyopita iliikuza. Miezi minane aliimeza.

"Mbona umepauka kama majivu?" MaNgubane alikuwa amekuja hadi kwenye gari, kanga ya kichwani imelowa. "Kaa upumzike. Waipa tu, hata mkono mmoja ukiwa mbovu si atalichukua? Mimi nalitaka liondoke. Kila nikiliona nakumbuka asubuhi ile."

"Asubuhi ipi?"

"Aliyoondoka." Alijipangusa uso. "Nilimtukana, shemeji. Kwa ajili ya kitu cha kijinga, chumvi. Nikamwambia aende na asirudi. Wengine waume zao huja ndotoni wiki ya kwanza, wanawaambia mambo, wanawacheka. Mimi nalala namngoja, haji. Hata mara moja. Mlimleta nyumbani, lakini mimi hanitaki."

Pale Mfaniseni alijiona mtu mdogo kuliko nati iliyokuwa kiganjani mwake. Kumbe aibu aliyoificha haikupotea, ilihamia kwa mwanamke huyu, naye akaibeba bila kujua ni ya nani.

Gari la mnunuzi lilikuwa linaingia getini. Alikuwa mzee wa Kisotho aitwaye Tladi, na aliteremka akitabasamu, ameleta bahasha ya pesa na mwanawe wa kuliendesha lile jeupe hadi Vereeniging. Ni safari ya nusu siku. Mfaniseni aliona kiti kile cha kushoto kikiondoka na wageni kwenda mahali ambapo hakuna mtu wa kumwita Muzi kwa jina.

"MaNgubane," alisema, "hajakukataa. Yumo humu ndani."

Akamweleza yote pale pale mvuani, simu, mteja, neno kwa neno, mbele ya mgeni. MaNgubane alisikiliza hadi mwisho.

"Miezi minane, Mfaniseni," alisema. Hakumwita shemeji. "Miezi minane unakula maziwa mgando kwangu, unaniona nalia, unanyamaza!" Alimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, na Mfaniseni hakujikinga. Kisha akamsukuma. "Nenda kakate tawi. Nenda!"

Alikata tawi la mkunazi nyuma ya zizi, miiba ikamchana mikono. Aliporudi, mzee Tladi alikuwa amevua kofia, na mwanawe amesogezwa mbali. Mfaniseni alifungua mlango wa kushoto. Hewa iliyotoka ilikuwa na harufu ya maji ya mto.

"Muzi, mtoto wa mama," alisema, akiliegemeza tawi kwenye kiti. "Muzi. Maneno yale hayakuwa yako. Nilikosea mimi kaka yako. Tumefika. Shuka sasa."

Springi za kiti zililia, kama zinavyolia mtu mzito anapoinuka.

Alitembea na tawi kuelekea nyumba ya mviringo, akimweleza kila hatua: hapa pana tope, hapa kizingiti, inama. MaNgubane alifuata nyuma. Kutoka uani walimsikia mzee Tladi akiita, sauti imepanda, "Fundi! Kioo kimekauka chote!" Hawakugeuka.

Asubuhi iliyofuata, gari likiwa bado uani, Mfaniseni alirudi kufunga mkono wa waipa. Aliulaza juu ya utepe, akakaza, akawasha, akazima. Ulilala juu ya alama bila ubishi. MaNgubane alitoka kibarazani akiwa na macho yaliyovimba, akasimama karibu naye.

"Amekuja," alisema.

Mfaniseni alishindwa kumtazama. "Amesema nini?"

"Kuhusu chumvi, hata hakumbuki." Alicheka kidogo, kisha akalia. "Alikaa ukingoni mwa kitanda anajikanda magoti. Anasema miguu imemfa ganzi, shemeji. Anauliza kwa nini ulikawia hivyo."